Mtihani wa video usipime paa la nyumba

Huku kwetu Kaplong, pale barabara itokayo Kericho kwenda Kisii inapokutana na ile ya Bomet na Narok, mkulima akifikisha majani yake kwenye kituo cha kununulia chai haondoki kabla ya kuiona mizani kwa macho yake na kupewa risiti. Si kwamba anamshuku karani. Anajua tu kwamba kipimo kisichoonekana huzaa manung'uniko, hata kinapokuwa cha haki.

Nimeikumbuka mizani hiyo kwa sababu ya mwalimu mmoja kijana, jirani yangu, ambaye hufundisha mchana na kusomea shahada yake usiku kwa njia ya masafa. Muhula uliopita chuo chake kiliwatahini wanafunzi zaidi ya 200 kwa wakati mmoja kupitia mkutano wa video, kila mmoja akiwa nyumbani kwake huku kamera ikimkodolea macho. Mtihani ulianza saa nane mchana. Mkazi yeyote wa nchi ya chai anajua huja nini saa hizo. Mvua ya mawe iliteremka, mabati yakanguruma, na programu ya usimamizi ikaandika kwamba chumbani mwake mna sauti ya kutiliwa shaka. Punde stima ikapotea. Alipofaulu kuunganisha mtandao kwa simu yake, dakika 20 zilikuwa zimepita na alikuwa amefungiwa nje. Baadaye aliarifiwa kwamba matokeo yake yamezuiliwa.

Alinijia jioni akiwa na karatasi mkononi. "Mwalimu," akaniuliza, "nimeiba nini?" Sikuwa na jibu.

Msomaji asinielewe vibaya. Sisemi mitihani ya mbali ipigwe marufuku. Shule na vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Covid-19, sote tulijifunza kwamba masomo yanaweza kuvuka milima bila ya basi. Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake Agosti 2023, nacho kimewafungulia njia watu wasioweza kuacha kazi wala watoto ili wakaishi mabwenini. Kumwambia muuguzi au mwalimu wa kijijini asafiri mchana kutwa kufuata kila karatasi ni kumfungia mlango uleule tuliomfungulia.

Wala sidai kwamba chumba cha mtihani tulichokizoea ni kitakatifu. Mwaka 2015 karatasi za KCSE zilivuja na kuuzwa kama njugu. Mwaka uliofuata yaliletwa makontena yenye kufuli, na walimu wakuu wakabebeshwa dhamana ya vituo vyao. Somo la 2016 ni kwamba mtihani hulindwa na mpango unaoeleweka, ambamo kila hatua ina mtu wa kuijibia. Kamera peke yake haina wa kuijibia.

Tuanze basi na hesabu, maana huko ndiko mipango mingi inakoharibikia. Mkondo wa video wa megabiti moja kwa sekunde, ukidumu saa tatu, hula takriban gigabaiti 1.35. Mtahiniwa mwenye karatasi tano atahitaji karibu gigabaiti saba, na hajafungua hata ukurasa mmoja wa masomo. Nani anayelipia bando hilo? Upande wa msimamizi nako, Zoom huonyesha nyuso zisizozidi 49 katika ukurasa mmoja wa kioo. Watahiniwa 200 ni kurasa tano. Anayezifungua kurasa hizo moja baada ya nyingine hasimamii mtihani. Anapepesa macho tu.

Upungufu huo wa macho ndio unaovifanya vyuo kuikabidhi mashine kazi ya kushuku, na mashine nazo zina upofu wao. Huko Uholanzi, mwanafunzi mweusi wa chuo kikuu kimoja cha Amsterdam alilalamika kwamba programu haikuutambua uso wake mpaka alipojimulika kwa taa. Kesi yake ilipofika katika taasisi ya haki za binadamu ya nchi hiyo, uamuzi wa mwisho wa 2023 ulikuwa kwamba ubaguzi haukuthibitishwa, lakini swali lake lingali hai kwetu sisi wenye ngozi ile ile. Marekani nako, mwaka 2022, jaji wa shirikisho aliamua kwamba chuo kikuu cha umma cha Cleveland kilikiuka katiba kilipomtaka mwanafunzi aikague kwa kamera chumba chake cha kulala kabla ya mtihani. Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Je, ni wanafunzi wangapi wamewahi kuelezwa picha za nyumba zao zinawekwa wapi, na kwa muda gani?

Ninapendekeza mambo manne. Kwanza, watahiniwa wagawanywe katika makundi ya watu 20 au 25, kila kundi na msimamizi wake anayewajua kwa majina, na nambari ya simu ya kupigiwa mtandao ukikatika. Pili, yafanywe mazoezi kamili wiki moja kabla, kwa saa ileile na kwa vifaa vilevile, ili matatizo yajulikane mapema. Tatu, kanuni ya dakika zilizopotea iandikwe na kusomwa kabla ya mtihani kuanza: aliyekatikiwa arudishiwe muda wake, au atahiniwe kwa mdomo na mwalimu wake. Nne, mashine iruhusiwe kuuliza, isiruhusiwe kuhukumu. Matokeo yasizuiliwe kabla binadamu hajaitazama kanda hiyo na kumsikiliza mhusika.

Lililo bora zaidi ni kuwaondoa watahiniwa chumbani mwao kabisa. Vyuo vya ufundi na shule za sekondari zenye maabara ya kompyuta zimetapakaa hadi huku vilimani. Chumba kimoja chenye jenereta, msimamizi mmoja wa nyama na damu, na video ya kukiunganisha kituo na mhadhiri aliye mbali, kingewatosha watahiniwa 20 wa Kaplong na Sotik. Shirika la kimataifa la wahasibu, ACCA, lililofungua milango ya mitihani ya nyumbani wakati wa korona, lilitangaza mwishoni mwa 2025 kwamba kuanzia Machi 2026 watahiniwa warejee vituoni, isipokuwa kwa sababu maalumu. Waliojaribu kwa miaka mingi wameona.

Wezi wa mitihani wapo, na akili bandia imewapa meno mapya. Wabanwe. Lakini asiye na nyumba tulivu, paa lisilonguruma na stima isiyokatika asihesabiwe kuwa mmoja wao. Jirani yangu hakuomba kuhurumiwa. Aliomba aonyeshwe mizani, kama mkulima yeyote anavyoonyeshwa akifikisha majani yake kituoni.