Sophie Germain: Binti Aliyejisomesha Elimu ya Namba

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii yafaa kukumbukwa na kila mzazi mwenye mtoto apendaye kitabu, hasa anapoisikia habari ya Sophie Germain, binti wa Kifaransa aliyejifunza elimu ya namba wakati milango ya vyuo ilipokuwa imefungwa mbele ya wanawake.

Sophie alizaliwa mjini Paris tarehe 1 Aprili, 1776. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa hariri. Mapinduzi ya Ufaransa yalipozuka mwaka 1789, binti huyo alikuwa na umri wa miaka 13. Kwa kuwa barabara zilijaa ghasia, alishinda nyumbani akisoma vitabu vya baba yake. Katika kitabu kimoja alikuta habari ya Archimedes, bingwa wa kale wa mji wa Syracuse, ambaye yasimuliwa kuwa aliuawa na askari wa Kirumi hali amezama katika michoro yake ya hisabati. Sophie alistaajabu: ni elimu gani hii iwezayo kumsahaulisha mtu hata upanga ulio mbele yake? Akaazimia kuijua.

Wazazi wake hawakupendezwa, kwani siku zile hisabati haikuhesabiwa kuwa kazi ya msichana. Yasimuliwa kwamba walimnyang'anya mishumaa, wakaondoa moto chumbani mwake pamoja na nguo zake nzito, ili baridi imlazimishe kulala. Yeye akajifunika mablanketi, akawasha mishumaa aliyoificha, akaendelea na masomo. Asubuhi moja walimkuta amelala mezani, na wino umeganda kwa baridi. Hapo wazazi wakasalimu amri.

JINA LA KUAZIMA

Mwaka 1794 chuo cha École Polytechnique kilianzishwa mjini Paris, kwa wanaume peke yao. Sophie alijipatia maandishi ya mihadhara, akayasoma nyumbani, kisha akampelekea Profesa Lagrange kazi yake kwa jina la mwanafunzi wa kiume, Bwana LeBlanc. Lagrange alivutiwa, akataka kumwona mwandishi. Alipogundua kwamba ni mwanamke hakumdharau, bali alimtia moyo.

Mwaka 1801 Mjerumani Carl Friedrich Gauss, kijana wa miaka 24, alitoa kitabu kikubwa juu ya elimu ya namba. Elimu hiyo huchunguza namba nzima: zipi hugawanyika, kwa ngapi, na hubakiza nini. Mfano wake wapatikana katika saa. Askari akiingia zamu saa 4, je, baada ya saa 50 itakuwa saa ngapi? Hana haja ya kuhesabu moja moja. Atagawa 50 kwa 12, apate 4 na baki 2. Ataongeza baki hilo juu ya 4, nayo itakuwa saa 6. Gauss alionyesha kwamba hesabu hii ya mabaki ina kanuni zake kamili, na hata leo mwanafunzi wa chuo kikuu anayeanza somo hili hufundishwa kanuni hizo.

Sophie alikisoma kitabu hicho kwa miaka mitatu, na mwaka 1804 akamwandikia Gauss barua, akitumia tena jina la LeBlanc. Gauss alijibu kwa heshima, asijue anamwandikia nani.

JENERALI ATUMA OFISA

Mwaka 1806 majeshi ya Napoleon yaliuteka mji wa Brunswick, alikoishi Gauss. Sophie akakumbuka yaliyompata Archimedes, akaingiwa na hofu. Alimwandikia Jenerali Pernety, rafiki wa jamaa yake, akimsihi amlinde mtaalamu huyo. Jenerali akamtuma ofisa kwenda kumtazama. Gauss alishukuru, lakini alisema hamjui mwanamke yeyote aitwaye Sophie Germain. Ndipo mwaka 1807 Sophie alipomfunulia kwamba LeBlanc ndiye yeye. Gauss alijibu kwa furaha kubwa, akisema kwamba mwanamke aliyevishinda vizuizi vya desturi hadi kuzifikia siri za elimu hii, bila shaka ana ushujaa na kipaji kisicho cha kawaida.

Sophie alifariki mwaka 1831, lakini jina lake limo katika vitabu vya hisabati hadi leo. Namba tasa ni ile isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Ukiizidisha namba tasa kwa 2, ukaongeza 1, nawe ukapata namba tasa nyingine, basi ile ya kwanza huitwa namba tasa ya Germain. Namba 11 ni mojawapo, kwa sababu huzaa 23. Namba 7 siyo, kwa kuwa huzaa 15.

Kwa miaka mingi watu waliiona elimu hii kuwa haina kazi. Lakini mwaka 1977 wataalamu watatu nchini Marekani, Rivest, Shamir na Adleman, walitunga njia ya kuficha ujumbe kwa kutumia namba tasa kubwa sana. Kuzidisha 53 kwa 61 ni kazi ya dakika moja, na jibu ni 3233. Lakini anayepewa 3233 peke yake, akatakiwa kutaja namba zilizoizaa, atatoka jasho. Namba zikiwa na mamia ya tarakimu, hata kompyuta zenye nguvu hushindwa. Njia za namna hii zimelinda fedha na siri zinazopita katika intaneti.

Kujaribu hesabu hizi hakuhitaji zaidi ya penseli, karatasi na kujua kugawanya. Mzazi anayemwona bintiye ameinamia daftari la hesabu usiku, na amwongezee mafuta katika taa.