Kofia ya Mkono Huanza kwa Penseli

Ifikapo wiki ya mwisho ya Mfungo Sita, mji wa Amu hufurika wageni. Wako wajao kwa mashua kutoka Siyu, Faza na Pate, na wako wajao kwa njia ya bara kutoka Malindi na Mombasa, wote wakielekea Riyadha kwa Maulidi yaliyoasisiwa na Habib Swaleh. Asimamaye kando ya njia siku hizo ataona weupe wa kofia kabla ya kuona jambo jingine. Kwa mbali zote ni moja. Akisogea karibu, aijuaye kazi hii hupambanua mara moja ipi imetoka katika mashine na ipi imemkalisha mtu wiki kadhaa na sindano mkononi.

Kofia ya mkono, ambayo ndugu zetu wa Unguja huiita kofia ya viua, ina vipande viwili tu: duara ya juu na ukanda wa kuzunguka kichwa. Kila kipande ni tabaka mbili za bafta nyeupe zilizoshikanishwa kwa mshono, na juu yake hupita mamia ya vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi. Vitundu hivyo ndivyo viletavyo maua, nyota na mawimbi yaonekanayo. Vina faida nyingine pia, nayo aijua kila aliyekaa msikitini mchana wa kaskazi: hupitisha hewa.

Watu wengi husifu sindano na kuisahau penseli. Waama kofia hushonwa kwanza kichwani mwa mchoraji. Tuchukue mfano wa kichwa cha sentimita 56. Mchoraji akiwa na ua la upana wa sentimita 7, atapata maua manane kamili, na ukanda ukifungwa, ua la mwisho litakutana na la kwanza bila kovu. Lakini akija mtu wa sentimita 58, zinabaki sentimita 2 zisizo na mwenyewe. Asiyejua ataziacha nyuma, pawe na pengo au nusu ua, akitumaini kwamba hapana atazamaye kisogo. Ajuaye atazigawa juu ya maua yote manane, kila moja likaongezewa robo sentimita, na jicho la mtu lisitambue lolote. Duara ya juu nayo ina hesabu yake. Kwa ukanda wa sentimita 56 yahitaji upana wa karibu sentimita 18. Hukunjwa mara mbili, mara nne, mara nane, na mikunjo ile ndiyo mistari ya kuanzia kazi. Hesabu za namna hii wapo wazee wazifanyao kwa shibiri na kwa uzi uliofungwa fundo, bila rula.

Ndiyo maana si kila ashonaye huchora. Mchoraji mmoja aweza kuwalisha kazi washonaji wengi, kila mmoja akachukua vipande vyake vilivyokwisha kutiwa alama, akaenda navyo nyumbani.

Huko nyumbani sasa huanza subira. Mshonaji, mwanamke au mwanamume, hutoboa kwa ncha kali mahali penye alama, akazisukuma nyuzi za kitambaa kando badala ya kuzikata, kisha akazungusha uzi kitundu chote hadi mdomo wake ukaze. Akivuta sana, bafta hukunjamana. Akilegeza, kitundu hufumba baada ya kufuliwa mara mbili tatu. Subana humlinda kidole, lakini macho hayana subana. Kazi hii yataka mwanga wa mchana, nao mchana wa mama mwenye nyumba una sufuria, una watoto na una sala zake. Saa ya kushona huibwa baina ya hayo.

Tufanye hesabu, tukikadiria tu. Kofia yenye vitundu 1,000, kila kitundu kikichukua dakika 4, ni dakika 4,000, yaani saa 66 na zaidi. Apataye saa tatu kwa siku atamaliza baada ya siku 22, na hapo hatujahesabu kuunganisha vipande wala kufua. Kama mshonaji akipewa shilingi 3,000, atakuwa amelipwa chini ya shilingi 46 kwa saa. Kisha aje bwana mmoja dukani, aigeuzegeuze kofia, aseme, "Mbona ghali hivi, bwana? Pale ng'ambo ya njia nimeiona kama hii kwa robo ya bei." Aliyoiona ni ya mashine. Haifanani na hii, ila hajaonyeshwa.

Shida hii si ya Amu peke yake. Huko Wales, Uingereza, wanawake walikuwa na kazi iliyo jamaa ya hii yetu: mfarishi wa tabaka tatu, kitambaa juu, sufu katikati, kitambaa chini, na mshono wa mkono wa kuzishika pamoja. Nao walianza kwa alama. Walichora kwa chaki mizunguko kama ya gamba la konokono, majani na mioyo, wakitoka katikati ya kitambaa kwenda ukingoni. Walikuwapo mafundi waliohama shamba hadi shamba, wakilala na kula kwa mwenye kazi mpaka mifarishi ya nyumba iishe. Vitu vya viwandani vilipoenea, kazi ikafifia. Mwaka 1928 idara moja ya kusaidia viwanda vya mashambani ikaanza kuwatafutia soko wanawake wa sehemu za migodi ya makaa, ambako waume wengi hawakuwa na kazi, na hoteli ya Claridge's ya London ikawa miongoni mwa wanunuzi. Ilikuwa kazi ya malipo hadi vita vya 1939 vilipoukatiza mpango huo. Mikono ilikuwapo siku zote. Kilichokosekana ni mnunuzi ajuaye anachonunua.

Sisi wanunuzi tunao, tena wengi. Kofia yetu ina jamaa yake Oman, nayo ni kuma, na baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970, watu wengi wenye asili ya huko waliokuwa Afrika Mashariki walirejea Oman na mapenzi yao ya kofia. Huko pia mashine imeingia. Hapana haja ya kuilaani, maana imemvisha kofia kijana ambaye hangeweza kuinunua ya mkono. Ubaya ni kuiuza ya mashine kwa jina la mkono.

Basi msomaji, ukiwa Amu au Barabara ya Biashara pale Mombasa, usiitazame kofia usoni. Igeuze ndani. Ya mashine aghalabu ina nyuzi zirukazo kutoka ua hadi ua na vitundu vilivyo sawasawa kama vya muhuri. Ya mkono ina mdomo wa uzi kila kitundu, na ukitulia utaona kimoja kimepishana kidogo na mwenzake. Kisha itazame kisogoni, pale ukanda unapokutana. Hapo ndipo mchoraji hujulikana.

Penseli yenyewe hutoka katika ufuaji wa kwanza. Kofia hutiwa wanga, ikavalishwa juu ya kitu cha kiasi chake ikauke wima, na alama zote zilizoongoza sindano zimekwisha kupotea. Mchoro usiowekwa mahali pengine hubaki katika kofia yenyewe tu. Kwa hiyo ile kongwe ya marehemu babu, iliyoliwa ukingo na kugeuka rangi ya maziwa, msiifanye kitambaa cha kufutia taa. Mpelekeeni mchoraji. Akiitandaza juu ya bafta mpya aweza kuhesabu vitundu vyake safu kwa safu, akaichora tena.