Mfalme Asa: Alianza kwa magoti, akamaliza kwa fedha



Tukizungumzia kumtegemea Mungu, wengi tunamkumbuka Daudi na kombeo lake, au Gideoni na watu wake 300. Leo nakualika tumtazame mfalme wa Yuda asiyetajwa sana mimbarini. Ni Asa. Habari zake zimo katika Kitabu cha Pili cha Mambo ya Nyakati, sura ya 14 hadi 16.

Asa alikuwa mtu mwema. Alibomoa madhabahu za miungu ya kigeni. Hata Maaka, malkia mama, alimvua cheo chake kwa sababu ya sanamu aliyoitengeneza. Zera Mkushi alipomjia na jeshi ambalo Kitabu kinalihesabu kuwa watu milioni moja, na magari ya vita 300, Asa alikuwa na askari 580,000. Si haba. Lakini hakujivunia hesabu hiyo. Alimlilia Bwana, akikiri kwamba msaada wake ni Mungu peke yake. Akashinda.

Miaka ikapita. Katika mwaka wa 36 wa utawala wake, Baasha, mfalme wa Israeli, akaanza kuijenga Rama iwe ngome, ili kuziba njia ya kuingia na kutoka Yuda. Safari hii hatusikii sala. Asa alifungua hazina ya Hekalu na ya ikulu, akatoa fedha na dhahabu, akampelekea Ben-Hadadi, mfalme wa Aramu kule Damasko, ili avunje mapatano yake na Baasha.

Na mpango ukafaulu! Ben-Hadadi aliipiga miji ya Israeli, Baasha akaacha ujenzi, na watu wa Yuda wakabeba mawe na miti yake, wakajengea Geba na Mispa. Mimi na wewe tungempongeza mfalme. Lakini mwonaji Hanani alimwambia waziwazi kwamba ametenda kipumbavu.

Ndugu yangu, fundisho liko hapo. Jambo kufanikiwa si ushahidi kwamba tumelifanya pamoja na Mungu. Tazama yaliyofuata. Asa alikasirika, akamtia Hanani kifungoni. Katika mwaka wa 39 akaugua miguu, ugonjwa mkali, na hata hapo hakumtafuta Bwana, bali waganga tu. Kwenda hospitali si kosa: Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu na pia kusali tunapougua. Shida ya Asa ni kwamba njia ya kumwendea Mungu ilikuwa imeota majani. Aliyoizoea ujanani, usiku wa maumivu hakuiona tena. Katika mwaka wa 41 akafariki.

Naandika haya nikijitazama mwenyewe. Nikiwa padre kijana, tulijenga kanisa la kigango tukiwa hatuna kitu. Kila mkutano ulianza kwa kupiga magoti, na machozi yalikuwapo, maana hatukujua bati zitatoka wapi. Leo kuna kamati, kuna akaunti benki, kuna wafadhili wa kupigiwa simu. Tunafanya ishara ya msalaba harakaharaka, kisha tunauliza, "Mhazini, kuna kiasi gani?" Majengo yanapanda. Mimi ninaogopa kilichoshuka.

Na wewe je? Ulipokuwa unatafuta kazi, ulifunga na kusali novena. Sasa una mshahara na jamaa mwenye cheo. Likitokea tatizo, nani unamtafuta kwanza? Mke wako, mtoto wako au katekista anapokuambia umebadilika, unamsikiliza, au unamfunga kama Hanani kwa kumnyamazisha?

Wiki hii, kabla ya kupiga simu, kabla ya kuandaa bahasha, piga magoti kwanza, hata kwa dakika tano. Kisha fanya kazi yako kwa bidii. Hanani alimkumbusha Asa kwamba Bwana anaitazama dunia nzima, akitafuta moyo mnyofu ili autie nguvu. Maneno hayo alimpelekea mfalme kabla hajaugua. Mlango ulikuwa bado wazi.

Kwetu pia bado uko wazi. Nakutakia Dominika njema.