Panadol: Dawa Njema Inayotaka Kuhesabiwa

Katika toleo hili tunapenda kuzungumzia dawa ambayo karibu kila msomaji wetu amewahi kuimeza. Ni parasetamoli, ambayo wengi huiita Panadol hata kama paketi ina jina lingine. Ipo kwenye mkoba wa mama, kwenye kisanduku cha huduma ya kwanza cha usharika, na kwenye kioski kando ya sukari na viberiti. Kwa kuwa imezoeleka hivyo, wengi tunaiona kama kitu kisichoweza kumdhuru mtu.

Lengo la makala hii si kuwatisha wasomaji. Parasetamoli ni salama ikitumika kwa kipimo chake. Lakini kipimo hicho kina mwisho, na ukiupita, kinachoumia ni ini. Jambo ambalo tungependa kila kamati ilijue ni hili: ini linaweza kuwa linaharibika huku mgonjwa akijiona mzima, na saa hizo ndizo za kumwokoa.

Dawa hii inafanya nini

Parasetamoli hutuliza maumivu na kushusha homa. Ilitumika kwa wagonjwa kwa mara ya kwanza mwaka 1893, ikakaa kando kwa miongo mingi, kisha ikaingia sokoni Marekani mwaka 1955 na Uingereza mwaka 1956. Wamarekani huiita asetaminofeni. Ilipendwa kwa sababu haichubui tumbo kama aspirini.

Ikumbukwe kwamba haitibu chanzo cha ugonjwa. Mtoto mwenye malaria akipewa parasetamoli, joto litashuka na ataweza hata kucheza, lakini vimelea vinaendelea kuongezeka katika damu. Mzazi anayesema "amepata nafuu, tungoje kesho" anaweza kupoteza siku ambayo haitarudi. Mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa, hata kama homa imeshuka njiani.

Ini na akiba yake

Dawa tunayomeza hupita kwenye ini. Sehemu kubwa ya parasetamoli ini huigeuza kuwa kitu kisicho na madhara, kikatoka kwa mkojo. Sehemu ndogo hugeuka kuwa kemikali kali yenye sumu. Kwa dozi ya kawaida hilo si tatizo, kwa kuwa ini lina akiba ya kinga iitwayo glutathioni, ambayo huizima sumu hiyo mara inapojitokeza.

Dozi ikizidi, sumu huwa nyingi kuliko akiba. Akiba ikiisha, sumu hushambulia seli za ini zenyewe, nazo hufa.

Wapo watu ambao akiba yao ni ndogo, au miili yao hutengeneza sumu hiyo kwa wingi zaidi. Hao ni wanywaji wa pombe wa muda mrefu, wenye utapiamlo, mgonjwa ambaye hajala kwa siku kadhaa, na wanaotumia baadhi ya dawa za kifafa au isoniazidi, ambayo ni mojawapo ya dawa za kifua kikuu. Hao pamoja na wenye ugonjwa wa ini wamwone mhudumu wa afya kwanza, kwani huenda wakahitaji kipimo kidogo.

Hesabu ya mtu mzima

Kidonge cha kawaida kina miligramu 500. Mtu mzima humeza kimoja au viwili kwa mara moja, kisha husubiri angalau saa 4 kabla ya kurudia. Kwa saa 24 asizidishe miligramu 4,000, yaani vidonge 8. Huo ndio ukomo. Si lazima mtu aufikie. Maumivu yakiendelea kwa siku kadhaa, dawa ya kuongeza ni kwenda zahanati.

Hesabu huharibika pale mtu anapomeza dawa mbili tatu zenye kitu kilekile ndani. Tuchukue mfano wa mama mwenye mafua na maumivu ya mgongo. Asubuhi, mchana na jioni anameza Panadol mbili mbili: miligramu 3,000. Dawa ya mafua aliyonunua nayo ina parasetamoli miligramu 500, naye anaimeza mara tatu: 1,500. Jirani amempa vidonge vya mgongo ambavyo ni mchanganyiko wa diklofenaki na parasetamoli miligramu 500, naye anameza viwili kwa siku: 1,000. Jumla ni miligramu 5,500. Mama huyu haamini kama amezidisha chochote, maana kila dawa ameinywa kama alivyoelekezwa.

Mfano huu haupo mbali na yanayotokea. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 uliangalia wagonjwa 662 ambao ini lilishindwa kufanya kazi ghafla. Kwa 275 kati yao chanzo kilikuwa dawa hii, na karibu nusu ya hao 275 hawakukusudia kujidhuru. Walikuwa wanatafuta nafuu ya maumivu.

Hivyo kila dawa ya maumivu, homa au mafua isomwe kwanza. Likionekana neno "Paracetamol" au "Acetaminophen", nayo ihesabiwe. Kidonge kilichokatwa kwenye karatasi yake, kisichoonyesha jina wala tarehe ya mwisho wa matumizi, kisimezwe kabisa.

Lipo pia lile linalosemwa mitaani, kwamba Panadol ikiwekwa kwenye sufuria ya maharage au nyama chakula huiva upesi. Wanaopika kwenye semina na sherehe zetu waambiwe wazi kwamba jambo hilo halikubaliki. Mlaji hajui amekula dozi gani, na mtoto hula sahani ileile ya mtu mzima.

Hesabu ya mtoto

Mtoto hupimiwa kwa uzito. Kila dozi ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, isizidi mara 4 kwa saa 24. Mtoto wa kilo 12 anahitaji miligramu 120 hadi 180. Kama dawa ya maji ina miligramu 120 katika mililita 5, mililita 5 zinamtosha. Lakini dawa za maji hazilingani nguvu. Zipo zenye miligramu 250 katika mililita hizohizo 5. Mzazi asome chupa, aitikise, na atumie kipimo kilichokuja nayo. Vijiko vya nyumbani hutofautiana mno. Uzito upo kwenye kadi ya kliniki. Mtoto wa chini ya miezi 3 asipewe bila ushauri wa mhudumu wa afya.

Ukimya unaodanganya

Mtu akizidisha dozi, siku ya kwanza anaweza kuwa na kichefuchefu na kutapika kidogo, au asisikie lolote. Siku ya pili huenda akaonekana amepona, ila maumivu huanza upande wa kulia chini ya mbavu. Kati ya siku ya tatu na ya nne ndipo macho hugeuka manjano, damu hutoka isivyo kawaida na akili huchanganyikiwa. Kufikia hapo tiba ni ngumu, na wengine hufa.

Dawa ya kuzuia hali hiyo ipo. Inaitwa asetilisisteini, nayo hulisaidia ini kutengeneza upya akiba yake. Ipo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ikitolewa ndani ya saa 8 baada ya dawa kumezwa, karibu kila mgonjwa huokoka. Baada ya saa hizo bado inasaidia, ila kila saa inayopita hupunguza matumaini.

Kwa sababu hiyo asisubiriwe augue. Mtu aliyezidisha dozi, mkubwa au mtoto, apelekwe hospitali saa ileile, pamoja na paketi au chupa aliyotumia na saa aliyomeza. Msimtapishe. Msimnyweshe maziwa mkidhani yanazima sumu, kwani hayaizimi. Msimpe mkaa wa jikoni. Upo mkaa maalumu wa dawa, nao hutolewa na wataalamu.

Tuseme pia lile ambalo familia huona haya kulisema. Wapo wanaomeza vidonge kwa kukata tamaa, wengi wao vijana. Asubuhi kijana anaamka, anajuta, anasema yuko sawa, na familia inanyamaza kwa aibu au kwa kuogopa maswali ya polisi. Ukimya huo unaweza kugharimu maisha ya mtu ambaye bado angeweza kuokolewa. Apelekwe hospitali kwanza, bila kukaripiwa. Mazungumzo na ushauri vifuate, na watu wa kukaa naye karibu wasikosekane.

Kamati zifanye nini

Uingereza inatufundisha kwamba hatua ndogo huokoa watu. Septemba 1998 nchi hiyo iliweka kikomo cha vidonge 32 kwa paketi katika maduka ya dawa na 16 katika maduka mengine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba katika miaka 11 iliyofuata, vifo vilivyotokana na dawa hii Uingereza na Wales vilipungua kwa asilimia 43, yaani watu wapatao 765 waliopona kifo. Dawa haikupigwa marufuku. Iliwekwa kidogo kidogo karibu na watu.

Tunapendekeza kila kamati, katika kikao chake kijacho, izingatie haya:

1. Kisanduku cha huduma ya kwanza kiwe na mtu mmoja anayekitunza, kufuli, na daftari la kuandika nani amepewa nini na saa ngapi.

2. Dawa ikae kwenye paketi yake, mahali pasipofikiwa na watoto. Akiba iwe ndogo.

3. Hesabu ya vidonge 8 kwa saa 24 ibandikwe ukutani kwa herufi kubwa, na kina mama wafundishwe kusoma chupa ya dawa ya maji.

4. Kamati imwulize mganga mfawidhi wa hospitali ya karibu kama asetilisisteini ipo, na kama haipo, mgonjwa apelekwe wapi. Jibu liandikwe pamoja na namba ya simu ya gari la wagonjwa.

Kwa marafiki wanaotuchangia, hilo la nne linawahusu pia. Asetilisisteini haihitajiki kila siku, hivyo ni rahisi kusahaulika wakati wa kuagiza dawa. Mnapotuuliza ni kitu gani kidogo kinachoweza kuongezwa kwenye mchango wa hospitali, tunaomba mkikumbuke hiki. Huenda kikakaa kabatini miezi mingi bila kuguswa. Siku kitakapohitajika, hakutakuwa na muda wa kukiagiza.