FOLENI ISIYOSONGA: TUNAIPIMAJE HUDUMA YA AFYA?

Kama ulikuwa ukumbini muhula wa kwanza chama chetu cha Kiswahili kilipoandaa mdahalo, bila shaka unaikumbuka hoja yenyewe: huduma za afya katika hospitali za umma zimezorota kwa sababu ya uzembe wa wahudumu. Mimi nilikuwa miongoni mwa watetezi wa hoja. Nilisimama, nikakohoa kidogo kama mheshimiwa mbunge, nikauliza: "Bwana Mwenyekiti, wagonjwa wanapopanga foleni tangu alfajiri, wauguzi huwa wapi?" Ukumbi mzima ukanijibu kwa sauti moja: "Wanakunywa chai!" Tulishinda kwa kura nyingi mno, hata wapinzani wetu wenyewe wakapiga makofi.

Likizo ya Aprili ikaja. Nyanya yangu ana shinikizo la damu, yaani presha kama tunavyoiita nyumbani, na kila mwezi hana budi kwenda zahanati kupimwa na kupewa vidonge. Safari hii nikatumwa mimi kumsindikiza. Tulifika saa moja na nusu asubuhi, tukakuta benchi limejaa akina mama wenye watoto wachanga. Muuguzi alikuwa mmoja tu. Alianza vizuri, foleni ikasonga. Ilipofika saa nne mlango ukafungwa. Saa tano, kimya. Saa tano na nusu mzee mmoja akatema mate kando, akasema, "Huyu ameenda chai." Nami, wacha nikiri, nilifurahi moyoni. Nikajiona nimepata ushahidi wa mdahalo ujao.

Mara tukasikia mtoto akilia. Si mtoto wa kwenye benchi, la. Ni kilio kile chembamba cha kiumbe aliyeingia duniani dakika hiyo hiyo. Kumbe kulikuwa na mama aliyeletwa kwa bodaboda, akapitishwa mlango wa nyuma, na muuguzi wetu alikuwa peke yake akimzalisha. Baadaye kidogo alitoka, amelowa jasho, akanawa mikono, akauliza nani anafuata. Yule mzee akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Basi hapo ndipo nilipoanza kujiuliza: huduma ya afya hupimwaje hasa? Sisi ukumbini tuliipima kutoka mahali pamoja tu, yaani kwenye benchi. Na anayekaa kwenye benchi huona mlango, haoni kilicho nyuma ya mlango.

Waliosomea mambo haya wana njia yao. Mwaka 1966 daktari mmoja aitwaye Avedis Donabedian, mzaliwa wa Beirut aliyefundisha Marekani, aliandika makala iliyokuja kuwa kama msingi wa kazi hii yote. Alisema ubora wa matibabu utazamwe kwa pande tatu. Kwanza, kilichopo: majengo, dawa, vifaa, na watu wenye ujuzi. Pili, kinachotendwa: je, mgonjwa amesikilizwa, amepimwa inavyopasa, amepewa dawa inayofaa? Tatu, matokeo: amepona, amebaki vile vile, au amekufa? Ukiangalia upande mmoja tu utadanganyika. Jengo jipya lenye rangi ya kumetameta si huduma ikiwa ndani hamna mtu. Na foleni inayokwenda mbio si lazima iwe huduma nzuri.

Hili la mwisho nilijifunza siku hiyo hiyo. Zamu ya nyanya ilipofika nilitarajia amfunge ule mkanda mkononi, asome, atuage. La hasha! Alimkalisha kwanza, akamwambia, "Mama, pumzika kidogo, usiongee." Dakika tano zikapita. Akampima, akaandika, akampima tena. Mimi nikawa nanung'unika chini chini, maana njaa ilikuwa inaniuma. Kumbe ndivyo inavyotakiwa. Mtu aliyetoka kutembea, au aliyekasirika kwa kungoja, presha yake hupanda kwa muda, na ukimpima hapo hapo unaweza kusoma zaidi ya 140 kwa 90 hali yake ya kawaida iko chini ya hapo. Ataongezewa vidonge asivyovihitaji, kisha aanguke bafuni kwa kizunguzungu. Sasa wewe niambie, ningekuwa na saa mkononi nikihesabu dakika, muuguzi huyu ningempa alama gani?

Tukiacha zahanati tutazame nchi nzima, jambo ni lile lile. Zamani, watu wa rika la wazazi wetu waliipima huduma kwa mfuko. Mwishoni mwa 1989 serikali ilianzisha mpango wa kuchangia gharama, na aliyekosa ada alirudi nyumbani na ugonjwa wake. Juni 2013 ada ziliondolewa katika zahanati na vituo vya afya vya umma, na kujifungua katika hospitali za umma kukawa bila malipo. Akina mama wakamiminika. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2008–09 ulionyesha kuwa asilimia 44 ya uzazi ulisimamiwa na mhudumu mwenye ujuzi. Mwaka 2014 ikawa asilimia 62, na 2022 ikawa asilimia 89. Hiyo ni hatua kubwa, tusiibeze.

Lakini hebu tazama upande wa tatu wa Donabedian, yaani matokeo. Uchunguzi ule wa 2008–09 ulikadiria vifo vya akina mama kuwa 488 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Wa 2014 ukasema 362. Sensa ya 2019 ikatoa 355. Njia za kuhesabu hazikuwa sawa kabisa, kwa hiyo tusilinganishe kama tunapima unga kwenye mizani. Hata hivyo mtu yeyote ataona kwamba akina mama waliongezeka kufika kwa mhudumu kwa kasi kuliko vifo vilivyopungua. Kufika ni jambo moja. Kukuta damu ya kuongezewa, dawa ya kuzuia kuvuja damu, gari la kukukimbiza hospitali kubwa, na mtu ambaye hajakesha usiku kucha, hilo ni jambo jingine.

Hapa yafaa nieleze ngazi, kwa sababu wengi wetu tukiona koti jeupe tunasema "daktari", basi. Huduma zetu zina ngazi sita. Ya kwanza ni kijijini kwenyewe, kwa wale wahamasishaji wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba. Serikali ilizindua kikosi cha watu 100,000 wa kazi hiyo Septemba 2023. Ya pili ni zahanati, ambayo kwa kawaida huendeshwa na wauguzi. Ya tatu ni kituo cha afya, na hapo ndipo aghalabu unaanza kumwona tabibu. Ya nne ni hospitali ya kaunti ndogo, ya tano hospitali ya rufaa ya kaunti, na ya sita ni zile za kitaifa kama Kenyatta na ile ya Moi kule Eldoret. Kwa hiyo ukienda zahanati ukasema "nataka daktari", unamwomba muuguzi kitu asichokuwa nacho. Na dawa je? Tangu ugatuzi ulipoanza 2013, kaunti ndiyo yenye jukumu la kuagiza na kulipia, na sehemu kubwa hutoka KEMSA. Rafu ikiwa tupu, anayetukanwa ni yule aliye dirishani. Aliyechelewesha malipo hayupo pale kutukanwa.

Nilimuuliza muuguzi maswali mawili matatu nyanya alipokuwa akifunga vidonge vyake kwenye leso. Alinijibu huku akiandika. Alisema walikuwa wawili, mwenzake amekwenda semina. Kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza husoma kipimajoto cha jokofu la chanjo, kwa sababu joto likitoka kati ya nyuzi 2 na 8 chanjo huweza kuharibika zote. Halafu kuna madaftari: la watoto, la wajawazito, la chanjo, la waliojifungua, la wagonjwa wa kawaida. Mwisho wa mwezi hujumlisha yote na kupeleka, nazo hesabu huingizwa katika mtandao wa takwimu za afya ambao nchi yetu ilianza kuutumia 2011. Nikafikiri: mtoto aliyezaliwa leo ataonekana huko Nairobi kama moja. Sisi tulioketi saa tano kwenye benchi hatutaonekana popote. Wala huyu aliyefanya kazi ya watu wawili.

Hilo neno la semina lilinikumbusha jambo. Mwaka 2012 ulifanyika uchunguzi nchini, Benki ya Dunia ikiwa mmoja wa wahusika, ambapo wachunguzi walifika vituoni bila kutangaza siku. Walikuta karibu wahudumu 3 kati ya kila 10 wa vituo vya umma hawapo kazini. Lo! Ungenipa takwimu hiyo siku ya mdahalo ningeruka juu ya meza. Lakini uchunguzi ule ule ulionyesha kuwa sehemu kubwa ya waliokosekana walikuwa wameruhusiwa: mafunzo, mikutano, likizo na shughuli nyingine za kikazi. Kwa mgonjwa ni mamoja, maana mtu hayupo. Kwa anayetaka kurekebisha mambo si mamoja hata kidogo. Mtoro humwadhibu. Aliyetumwa semina, unapaswa kumuuliza aliyemtuma kwa nini hakuweka mtu mahali pake.

Usidhani nawatetea wote. Wako wahudumu wanaotukana, wako wanaopiga, na sote tumesikia visa. Machi 2018 Mahakama Kuu kule Bungoma iliamua kesi ya mwanamke aliyejifungulia sakafuni hospitalini mwaka 2013, akatukanwa na kupigwa na wauguzi. Mahakama ilisema utu wake ulivunjwa, ikaagiza alipwe shilingi milioni 2.5 na kuombwa radhi. Lakini mahakama haikuishia kwa wauguzi. Ililaumu pia serikali, ya kitaifa na ya kaunti, kwa kutotenga fedha za kutosha na kutosimamia huduma. Makosa mawili, na hakuna lililotumiwa kulifunika jenzake. Sisi ukumbini tulilitaja moja tu, tena kwa kicheko.

Na wahudumu wenyewe wanapopaaza sauti tunasikia nini? Madaktari walipogoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, walikuwa wakidai mkataba uliotiwa sahihi 2013 utekelezwe. Wauguzi wakafuata mwaka huo huo, wakakaa nje miezi mitano. Mwaka 2024 madaktari waligoma tena siku 56, na moja ya hoja kubwa ilikuwa madaktari wanagenzi na malipo yao. Watu wengi waliumia katika migomo hiyo, na kuna waliozika jamaa zao; siwezi kuwaambia hao kwamba madai yalikuwa ya haki, wakanielewa. Ila ukisoma madai yenyewe, unakuta mishahara, ndio, lakini pia vifaa na idadi ya watu kazini. Yaani ule upande wa kwanza wa Donabedian, ukisemwa na walio ndani.

Pale ukutani kwenye zahanati kuna sanduku la maoni lenye kufuli ndogo. Nilimwona mama mmoja akitumbukiza karatasi kabla hatujajua kuna mzazi ndani. Sijui aliandika nini, lakini nabahatisha kulikuwa na neno "chai". Huwa tunaandika tukiwa na hasira, ama hatuandiki kabisa. Na wachunguzi wakitusimamisha langoni kutuuliza huduma ilikuwaje, wengi wetu tunasema "nzuri", tukiogopa kwamba mwezi ujao tutamhitaji mtu yule yule. Maoni ya namna hizo mbili yote ni ya kweli kwa aliyeyasema, ila ukiyajumlisha hujapata huduma yenyewe. Na pembeni hakuna sanduku la mhudumu.

Kabla ya kuondoka nilirarua ukurasa katika daftari langu nikaandika: "Tulingoja tangu saa moja na nusu hadi saa sita na robo. Muuguzi alikuwa mmoja. Alizalisha mama mmoja. Alimpima nyanya yangu mara mbili. Vidonge vya aina moja havikuwepo, tumeambiwa tununue dukani." Nikaikunja, nikaitumbukiza. Nyanya akaniuliza nimeandika nini muda wote huo, nikamsomea kwa kukumbuka. Akasema nimesahau jambo moja: benchi halina kivuli baada ya saa tatu. Nikarudi nikaongeza karatasi ya pili.

Mwenyekiti wa mijadala ameniahidi kwamba hoja itarudishwa ukumbini muhula ujao, na safari hii nimeomba nikae upande wa wapinzani.