Mgonjwa wa Kifua Kikuu Asiachwe Peke Yake

Kifua kikuu kinapona. Dawa zipo, na katika zahanati za Serikali hutolewa bure. Lakini wagonjwa wengi huzinywa kila siku kwa miezi 6. Hapo ndipo penye kazi. Tanzania ilipoanza mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, matibabu yalichukua mwaka mzima au zaidi, pamoja na sindano nyingi. Siku hizi ni nafuu.

Baada ya majuma machache ya dawa, homa hutulia. Kikohozi hupungua. Hamu ya chakula hurudi. Mgonjwa hujiona mzima, hushika jembe, huacha dawa. Kumbe vidudu vingine bado vimo mapafuni. Vikipata nafasi huzaliana tena, na vinaweza kuwa sugu, visisikie dawa ile. Naye akikohoa anaweza kuwaambukiza watoto wake.

Ndiyo maana tunamwomba mgonjwa achague mtu anayemwamini: mke, mume, ndugu au jirani. Mtu huyo humwangalia akimeza dawa, kisha hutia alama katika kadi. Asiwe mkali. Mgonjwa anayegombezwa hujifunza kuficha vidonge chini ya ulimi.

Msaidizi huyo aelezwe pia habari za mkojo. Dawa moja huufanya mkojo uwe mwekundu kama chungwa lililoiva. Wengine hudhani ni damu, wakaogopa, wakaacha dawa. Wazee hunicheka, kijana kama mimi kuwauliza mikojo yao, lakini nitauliza tu. Si damu. Ila macho yakiwa ya manjano, au akitapika sana, aletwe zahanati upesi.

Majirani nao wana kazi. Wakati wa palizi wamsaidie shamba, maana mwenye njaa hamezi dawa vizuri. Wapo wanaomtengea mgonjwa sahani na kikombe. Haifai. Ugonjwa huu huenda kwa hewa, si kwa sahani. Madirisha yafunguliwe, mgonjwa azibe mdomo akikohoa, na wote wanaoishi naye waje kupimwa, hasa watoto wadogo.

Mgonjwa akipata safari, hata ya msiba, msaidizi aje naye kwanza zahanati tumpe dawa za siku hizo. Kadi asiisahau.