Ukuta mtupu sebuleni? Anza na msanii chipukizi

Wazazi wengi hudhani kukusanya kazi za sanaa ni mambo ya matajiri. Herbert na Dorothy Vogel wa New York, Marekani, hawakuwa matajiri. Mume alikuwa karani wa posta, mke mkutubi. Mshahara wa mke uliendesha nyumba, wa mume ukanunua kazi za wasanii ambao bado hawajapata jina. Walinunua tu walichokimudu na kilichoenea kwenye nyumba yao ya chumba kimoja cha kulala. Walifikisha kazi zaidi ya 4,000, na miaka ya 1990 wakaanza kuzikabidhi kwa Makumbusho ya Taifa ya Sanaa mjini Washington.

Dar es Salaam nayo ina somo lake. Edward Saidi Tingatinga alichora kwa rangi ya baiskeli na kuuza kwa bei ndogo pale Morogoro Stores, Oysterbay. Alifariki mwaka 1972. Leo picha alizochora kwa mkono wake ni adimu na ghali.

Unataka kuanza? Tenga kiasi kisichogusa ada wala matibabu. Nenda Nafasi Art Space, Mikocheni, uzungumze na wasanii wenyewe. Hakikisha kazi ina sahihi na mwaka, na udai risiti. Itundike mbali na jua kali na ukuta wenye unyevu.

Usinunue kwa kutegemea bei ipande. Huenda isipande kamwe. Nunua mnachopenda kukitazama kila siku, na picha ya kwanza mwachie mtoto achague.